Amortisa ya moto: geuza pete kwanza, kununua baadaye

Birayi vyetu vinasafiri juu ya moto kati ya Mweso na Kitshanga. Nikipasua birayi vilivyogongwagongwa njiani, naona ndani doa jeusi, na hivyo ndivyo vinaanza kuoza sokoni. Kwa hiyo amortisa inatuhusu na sisi watu wa kilimo.

Boxer na TVS nyingi ziko na amortisa mbili nyuma, na kwenye resori kuna pete yenye ngazi. Ukiwa peke yako, weka ngazi ya chini: gurudumu linafuata mashimo vizuri. Ukibeba mtu ao gunia, panda ngazi, pande zote mbili sawasawa. Bila hivyo amortisa inagonga mwisho, na pigo lote linaingia kwenye mzigo na mgongo wako.

Lakini pete inainua moto tu, haiongezi ugumu wa resori. Kama hata ngazi ya juu inagonga, mzigo umezidi ao resori imechoka. Mafuta yakivuja, ao moto ikidundadunda baada ya shimo, amortisa imekufa. Hapo nunua, mbili kwa pamoja.

Kabla ya kufunga gunia, tumuulize motari: pete iko ngazi gani?