Kakai Kilonzo: Msee wa Ukambani aliyefanya Kenya nzima idunde benga yao

Kama umewahi kupanda basi ya usiku ya kuenda Kitui ama Wote, hii sauti unaijua. Gita mbili zinakimbizana, besi inarukaruka, halafu jamaa anaimba Kiswahili polepole kama anakupigia stori. Dere anaongeza sauti, abiria wa nyuma wanaanza kutingisha vichwa. Wengi wanajua ngoma lakini hawajui jina la mwenyewe. Huyo ni Kakai Kilonzo, na ngoma pengine ni "Mama Sofi".

Kakai alizaliwa 1954 na akaaga 1987. Piga hesabu: hakufikisha hata miaka 35. Lakini mpaka leo hakuna harusi ya Ukambani DJ anathubutu kumruka.

Jina la bendi lilitoka wapi?

Bendi yake iliitwa Les Kilimambogo Brothers. Kilimambogo ni ule mlima wa Ol Donyo Sabuk, upande wa Machakos, unaouona ukiwa Thika. Maana yake ni mlima wa nyati. Hiyo "Les" ni Kifaransa, na hapa Kifaransa kilikuwa luku tu: enzi hizo bendi za Kongo kama Les Mangelepa zilikuwa zinatesa Nairobi, kwa hivyo "Les" mbele ya jina ilikupa hadhi.

Benga ya Wakamba iko tofauti aje?

Benga ilianzia kwa Wajaluo, ikasambaa hadi Mlima Kenya na Ukambani. Kila mtu aliiongezea chumvi yake. Kwa Wakamba, gita moja inabaki chini ikishika mdundo. Ya pili inapanda juu kabisa na kupiga noti ndogondogo, haraka, ikijaza kila nafasi wenzake wameacha. Ndiyo maana ukiiskia unahisi kitu kinazunguka bila kuchoka.

Pia kumbuka hizi ngoma zilitoka kwa santuri ndogo, ambazo upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, ya pili ukigeuza. Maneno yanakuja kwanza, halafu gita zinaachiliwa zitambe. Ukishangaa kwa nini benga ya kitambo huchemka mwishoni, hiyo ni sababu moja.

Kwa nini Kakai alivuka na wengine wakabaki?

Si eti alikuwa peke yake. Kulikuwa na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Kulikuwa na Kalambya Sisters, wale wa "Katelina". Wote wakali, lakini vibao vyao vikubwa vilikuwa Kikamba, na nyumbani waliheshimika kuanzia Mwingi hadi Makueni, ambayo hadi 1992 ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos.

Kakai pia aliimba Kikamba. Lakini "Mama Sofi", "Fundi Mwalimu" na "Baba Mkwe" ni Kiswahili, kile cha kawaida cha mtaani, na stori zake ni za watu unaowajua. Mtu wa Kisumu ama Mombasa hakuhitaji mtafsiri. Ujanja wake ni huu: alibadilisha lugha, gita hakuigusa. Ilibaki ya Ukambani kabisa.

Hiyo kesi bado iko mezani leo. Kina Maima, Katombi na Ken wa Maria wanajaza viwanja, na kila mara kuna mtu mtandaoni anawaambia wakitaka kuvuma nchi nzima lazima wabadilishe sauti. Kakai alionyesha kuna njia ingine: ongea na kila mtu, lakini usiache kupiga kama mtu wa kwenu.

Leo jioni tafuta "Mama Sofi". Skiza mara ya kwanza kwa ajili ya maneno. Rudia mara ya pili ukifuata ile gita ya juu pekee, mpaka mwisho. Hapo ndio utajua kwa nini mbuyu na masosh wako hawataki uguse redio ikicheza.