Uvimbe wa Mafuta kwa Mtoto: Picha Huonyesha Nini

Uvimbe laini chini ya ngozi ya mtoto mdogo, hata usipouma, huwatia wazazi hofu ya saratani, hasa unapokua upesi. Lakini kasi ya kukua peke yake haithibitishi saratani. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 3, uvimbe wa mafuta huenda ukawa lipoblastoma, unaotokana na chembe changa za mafuta. Huweza kukua haraka, ila hausambai kwenye viungo vingine. Saratani ya mafuta, yaani liposakoma, ni nadra mno katika umri huo.

Kwa kawaida kipimo cha kwanza ni altrasaundi. Hakina maumivu wala mionzi, nacho huonyesha iwapo uvimbe umejaa maji au ni mnofu.

Uvimbe ukiwa mkubwa au umezama ndani, daktari huagiza MRI, mashine inayotumia sumaku badala ya eksirei. Katika baadhi ya picha zake mafuta hung'aa. Kisha hupigwa nyingine ambamo mng'ao huo umezimwa, na palipo na mafuta pakawa peusi. Lipoma, uvimbe wa kawaida wa mafuta, hufifia karibu wote. Lipoblastoma huacha kuta nyembamba na sehemu zenye ute.

Hapo picha hufika ukomo wake, kwa kuwa iko liposakoma yenye ute pia. Umri wa mtoto humsaidia daktari kukadiria, lakini jibu la hakika hutoka maabara, ambako kipande cha uvimbe hutazamwa kwa hadubini na pengine jeni ya PLAG1 hupimwa. Mzazi anayeombwa ridhaa ya kutolewa kipande hicho asidhani kwamba saratani imekwisha kuonekana.

MRI ina kelele nyingi na humtaka mtoto atulie kabisa, ndiyo maana wadogo wengi hupewa dawa ya usingizi. Muda wa kutokula na kutonyonya ufuatwe kikamilifu, kwani kilichomo tumboni huweza kuingia mapafuni. Nchini Uingereza saa za barua ya hospitali huhesabiwa Kizungu: 07:00 ni saa 1 asubuhi. Bangili, vipuli na hirizi yenye chuma huvuliwa. Mkalimani wa NHS halipiwi. Mtoto mkubwa wa nyumbani asifanywe mkalimani.

Lipoblastoma huondolewa kwa upasuaji. Huweza kurudi, hasa ikiwa sehemu yake ilibaki. Kwa hiyo mtoto huendelea kuitwa kliniki hata baada ya kidonda kupona.