Zana ya Kupakia Faili: Kile Wakala Anachopaswa Kuambiwa (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliona namna wakala wa akili mnemba anavyotumia zana: modeli haigusi diski wala mtandao, huandika ombi tu, na programu inayoiendesha ndiyo hulitekeleza. Leo tuichukue zana moja, ile ya kupakia faili. Huonekana rahisi mno, na kwa sababu hiyo waandishi wake huielezea kwa sentensi moja wakaenda zao.

Fomu za HTML zilipata utaratibu wa kubeba faili Novemba 1995, katika waraka uitwao RFC 1867. Mpakiaji aliyekusudiwa alikuwa mtu. Mtu huona kitufe, huona mstari ukijaa faili linapokwenda, na akikwama humwuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala hana hata kimoja kati ya hivyo. Katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, modeli hupewa jina la zana, maelezo yake, na skima ya JSON inayotaja vigezo. Lisiloandikwa humo italikisia.

Chukua maelezo kama haya: "Hupakia faili." Kigezo ni kimoja, kinaitwa "faili", na aina yake ni matini. Matini gani? Njia ya faili kwenye diski? Anwani ya wavuti? Au maudhui yenyewe? Wakala akichagua la tatu, atayageuza maudhui kuwa Base64, usimbaji ambao kila baiti 3 huwa herufi 4. Hati ya kiwanja iliyoskaniwa, yenye megabaiti 9, itakuwa herufi milioni 12, na modeli italazimika kuziandika zote yenyewe, tokeni baada ya tokeni. Haitafika mwisho. Hata ingefika, herufi chache zikikosewa faili limeharibika. Lawama hapa si ya modeli. Ni ya aliyeandika neno "faili" bila kusema alimaanisha nini.

Tuyaandike upya maelezo hayo:

"Hutuma faili moja kutoka diski ya kompyuta hii kwenda hifadhi ya ofisi. Toa njia kamili ya faili, usitoe maudhui yake. Hupokea PDF, JPEG na PNG zisizozidi megabaiti 20. Kama jina tayari lipo hifadhini, faili la zamani halifutwi; utapata ujumbe wa kosa. Ikifaulu hurudisha kitambulisho cha faili, kitakachohitajika na zana za kutafuta na kufuta. Faili lililopakiwa huonekana na wafanyakazi wote."

Ningependa msomaji aiangalie sentensi ya mwisho. Wengi wataiona ya ziada, lakini kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wakala anayejua kwamba ofisi nzima italiona faili anaweza kumwuliza mwenye nalo kabla ya kulituma. Asiyejua hana sababu ya kuuliza.

Maneno "diski ya kompyuta hii" nayo yana kazi. Zana ikiwa kwenye seva ya mbali, njia ya faili haina maana, kwa kuwa seva haiioni diski hiyo. Hapo kwa kawaida zana hutoa kiungo chenye saini na muda maalumu, kisha faili hutumwa moja kwa moja hifadhini. Maelezo yataje hatua zote mbili na muda wa kiungo kuisha.

Kisha kuna mtandao kukatika. Ombi limekwenda, jibu halijarudi: faili limefika au halijafika? Wakala atarudia, na hifadhi isiyokagua majina itabaki na nakala mbili. MCP ina alama iitwayo idempotentHint, inayosema kwamba kurudia ombi lilelile hakuongezi kitu. Lakini alama hiyo ni dokezo tu. Msimbo wenyewe lazima uitimize ahadi.

Ujumbe wa kosa pia ni sehemu ya maelezo, kwa kuwa wakala huusoma na kuamua hatua inayofuata. Namba ya kosa ya HTTP, 413, peke yake humwambia kidogo sana. Afadhali: "Faili lina megabaiti 34, kikomo ni 20. Usirudie kulituma hivi lilivyo. Lipunguze au ligawe."

Kuna jambo moja ambalo maelezo hayaliwezi, nalo ni ulinzi. Ndani ya hati anayoisoma wakala yanaweza kufichwa maneno ya kumwamuru apakie faili la nywila. Kuandika "usipakie siri" hakutoshi, kwa kuwa maneno hushindana na maneno. Msimbo ndio uikatae njia yoyote iliyo nje ya folda iliyoruhusiwa, na maelezo yaitaje folda hiyo ili wakala asipoteze muda akibisha hodi kwingine. Namna ya kuujenga ukuta huo tutaiona wiki ijayo.