Kuchomoa Plagi Hakutoshi: Tahadhari Unapotengeneza Vifaa vya Umeme

Runinga ikizimika baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu, wakazi wengi wa Uasin Gishu huifungua kwanza nyumbani kabla ya kuipeleka kwa fundi mjini Eldoret. Bisibisi si ghali, na maelekezo yako kwenye simu. Makala haya hayamkatazi mtu kujaribu. Yanaeleza jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kifaa kilichochomolewa kwenye soketi kinaweza kuwa bado na umeme ndani yake, tena wa kuua.

Umeme huo hubaki kwenye kapasita. Ukifungua runinga, sabufa au pawa saplai ya kompyuta utaiona, imesimama kwenye bodi kama kikopo kidogo cha mviringo, na ubavuni imeandikwa volti 400 au 450. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Ndani ya kifaa hugeuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja na kufika takriban volti 340, na hizo ndizo kapasita huzishikilia. Vifaa vingi vimewekewa rezista ya kuumaliza umeme huo polepole baada ya kuzimwa. Lakini rezista nayo huungua, na kifaa kilicho mezani pako kiko hapo kwa sababu kuna kitu kimeungua.

Kwa hiyo anza kwa kutoa plagi kabisa. Usitegemee swichi ya ukutani. Kuna nyumba ambazo nyaya za soketi ziliunganishwa kinyume, na humo swichi hukata waya wa nyutro huku waya moto ukibaki umeunganishwa na kifaa. Plagi ikishatoka, subiri dakika chache, kisha umalize umeme wa kapasita kwa taa ya kawaida ya volti 240, ile ya zamani yenye uzi ndani (ya LED haifai). Iunganishe na nyaya mbili zilizofunikwa vizuri na uguse miguu miwili ya kapasita. Huenda taa ikamulika kidogo tu au isiwake kabisa, ndiyo sababu lazima upime kwa mita iliyowekwa upande wa DC kabla ya kuingiza kidole. Kama huna mita, usiendelee.

Wapo wanaogusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi. Ni njia ya haraka na ni mbaya: cheche huharibu bodi na inaweza kurusha vipande vya chuma cha moto machoni.

Maikrowevu ni habari nyingine kabisa. Transfoma yake hupandisha umeme hadi zaidi ya volti 2,000, na kapasita yake huuhifadhi hata baada ya kuchomolewa. Kwa kifaa hiki ushauri ni mfupi: usikifungue, mpelekee fundi anayekijua. Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa ziko katika kundi hilohilo, kwa kuwa kioo chenyewe huweka umeme wa maelfu ya volti.

Kuna wakati fundi hana budi kujaribu kifaa kikiwa wazi na kimewashwa. Mafundi wazoefu hukiunganisha kwanza kupitia taa moja yenye uzi iliyo kwenye njia ya waya moto. Kifaa kikiwa na shoti, taa huwaka kwa nguvu na bodi hailipuki. Taa hiyo hulinda bodi, haimlindi fundi. Vaa viatu vya raba, simama mahali pakavu (msimu wa mvua sakafu za vibanda vingi huwa na unyevu), vua saa na pete, na tumia mkono mmoja pale inapowezekana ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Wengi hudhani fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya plagi huzuia nyaya zisishike moto. Ile ya ampea 13 hupitisha mkondo unaozidi mara 400 ule wa miliampea 30 ambao breka ya kulinda watu huukata. Breka hiyo ni kifaa kizuri kuwa nacho, ila haitakusaidia ukigusa kapasita iliyojaa. Na anayezungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya sigara au waya ameondoa hata ule ulinzi wa moto. Redio na runinga huhitaji fyuzi ya ampea 3. Ya 13 ni ya pasi na birika.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima umeme kwenye meni swichi, au msukume kwa mti mkavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu na haraka, na mwenzako apige 999 au 112. Hata akiinuka mwenyewe na kusema yuko sawa, apelekwe hospitalini akapimwe moyo.

Nyaya za nyumba yenyewe si kazi ya kujaribu. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo.

Mawili madogo kwa wanaotengeneza simu. Waya wa kuchomelea unaotumika sana una risasi karibu asilimia 40, na risasi hudhuru zaidi ubongo wa mtoto; nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, fungua dirisha, na usifanyie kazi hiyo kwenye meza ya chakula. Betri ya simu iliyovimba nayo haitengenezwi. Usiitoboe wala kuichaji tena. Iweke kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, hadi utakapoifikisha kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.