Kuchagua Kada ya Afya: Kazi Itangulie Cheo

Mwanafunzi wa Tanzania aliyefaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia huelezwa mara nyingi kwamba njia iliyo mbele yake ni moja tu, yaani udaktari, na akiikosa hujiona ameshindwa hata kama amechaguliwa kusomea famasia, uuguzi au sayansi ya maabara. Mtazamo huo huzipanga kada za afya kwa ukubwa wa cheo, ilhali kada, yaani kundi la wataalamu wenye mafunzo yao, usajili wao na mipaka yao ya kazi, hutofautiana na nyingine kwanza kabisa kwa kile ambacho mtaalamu hukifanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Tofauti hiyo hudhihirika katika matibabu ya mtoto mwenye malaria kali. Daktari mwenye shahada, au tabibu, ambaye ni mtaalamu wa tiba mwenye stashahada na ndiye tegemeo la zahanati nyingi, humhoji mzazi, humchunguza mtoto na kuunganisha dalili hadi aubaini ugonjwa, naye mtaalamu wa maabara huitazama damu kwa hadubini ili aseme kama vimelea vimo na ni vingi kiasi gani. Mfamasia huhakikisha kwamba sindano za artesunate zipo, zimehifadhiwa inavyotakiwa na hazijapita muda wake. Muuguzi humpima mtoto uzito ili dozi ilingane nao, humchoma sindano ya kwanza mara anapopokelewa, ya pili baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na katika muda huo wote huangalia pumzi, degedege na sukari ya damu, mpaka mtoto aweze kumeza dawa mseto ya siku 3. Yeyote kati yao akikosea, uhai wa mtoto huwa hatarini, kwa hiyo hakuna sababu ya kitaalamu ya kumwona mmoja kuwa ndiye mganga na wengine kuwa wasindikizaji wake.

Zipo pia kada ambazo wanafunzi wengi huzisikia wakiwa tayari wamekwisha kujaza fomu za maombi. Afisa afya mazingira hukagua maji, vyoo, masoko na sehemu za kuuzia chakula, na kazi yake huzuia kipindupindu kabla hakijamfikisha mtu wodini. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na vifaa, humfuatilia aliyepatwa na kiharusi kwa majuma au miezi hadi aweze tena kusimama na kutembea. Mjini Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, ambacho huwafundisha vijana wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika kutengeneza miguu na mikono bandia, kazi inayohitaji elimu ya mwili wa binadamu pamoja na ustadi wa karakana.

Muda wa masomo nao unastahili kupimwa mapema, kwa sababu ndio unaoamua gharama na umri wa kuanza kujitegemea. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya usajili kamili, na ubingwa huongeza miaka 3 au zaidi. Shahada za famasia na uuguzi huchukua miaka 4 kila moja, na stashahada ya utabibu miaka 3. Hata hivyo, anayeanza na stashahada hajafungiwa mlango, kwani tabibu au muuguzi mwenye ufaulu unaotakiwa anaweza kuomba shahada baadaye, akiingia darasani na uzoefu wa wagonjwa ambao mwenzake aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita bado hana.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu anayoitaka vinatambuliwa, ama na NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kwa astashahada na stashahada, ama na Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada, kwa kuwa bila hilo mabaraza ya taaluma, kama vile Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Famasi, hayawezi kumsajili, na asiyesajiliwa haruhusiwi kumhudumia mgonjwa hata kama amehitimu kwa alama za juu.

Baada ya hayo yote, mwanafunzi ajiulize kama anastahimili kukesha na wagonjwa au anatulia zaidi mbele ya hadubini, kama anapenda kuamua haraka penye mashaka au kufuatilia jambo moja kwa subira, na kama yuko tayari kupangiwa zahanati ya kijijini. Wazazi na walimu nao wamsaidie kwa kumkutanisha na wataalamu wa kada mbalimbali kabla hajajaza fomu, badala ya kumchagulia jina la kujivunia, maana nchi inawahitaji wote hao, na mgonjwa hunufaika zaidi na mtaalamu aliyeichagua kazi yake akiijua.