Kabla ya kupanda ndege kutafuta mtoto India

Mmeuza kiwanja, mmekopa Saccos, na mimba iliyopandikizwa kwa mara ya pili hapa nyumbani nayo haikushika. Sasa mnaitazama India, kama wanandoa wengine wa Tanzania na Kenya. Si vibaya, lakini msiende mikono mitupu.

Kwanza, baba apimwe. Wapo kina mama waliochomwa sindano miaka nenda rudi, wakasemwa na mawifi, kumbe mbegu za mume hazijawahi kuangaliwa. Tatizo la mwanaume huchangia karibu nusu ya visa vya kukosa mtoto.

Pili, ombeni ripoti kamili ya hospitali ya hapa: mayai mangapi yalivunwa, viinitete vingapi vilipatikana, dawa zipi zilitumika. Bila hiyo daktari wa huko ataanza upya, kwa fedha zenu.

Tatu, sheria. Ile ya India ya mwaka 2021 inamtaka mke awe chini ya miaka 50 na mume chini ya 55.

Mwisho, kubalianeni mapema mtajaribu mara ngapi. Fedha zikiisha, ndoa ibaki.