Projesteroni: dawa ya kushikiza mimba inamfaa nani?

Mama anapoona damu akiwa na mimba ya wiki saba au nane, swali lake huwa moja tu: mimba itakaa au itatoka? Kwa miaka mingi jibu alilopewa mara nyingi, Ulaya na hata nyumbani Afrika Mashariki, ni kwenda kupumzika na kusubiri. Katika makala yetu ya leo tunaiangalia dawa ya projesteroni, kwani kwa baadhi ya kina mama jibu hilo limekwishapitwa na wakati, ilhali wengine wanaitumia dawa hii bila ya kuwafaa kitu.

Projesteroni ni homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe. Kazi yake ni kuustawisha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ili mimba ijishikize, na kuutuliza mfuko huo usikaze. Mwanzoni hutoka kwenye ovari, na baadaye kondo la nyuma huichukua kazi hiyo. Ndiyo maana wazo la kumwongezea mama homoni hii linaingia akilini. Lakini mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu ya kasoro za kromosomu za mimba yenyewe, na hapo hakuna dawa ya kuzishikiza.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Uingereza. Uchunguzi uitwao PRISM, ulioongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham na kutangazwa mwaka 2019, uliwahusisha wanawake 4,153 waliotokwa damu katika mimba changa. Nusu walipewa projesteroni, nusu wakapewa dawa ya bandia isiyo na kitu. Kwa ujumla waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 75 kwa 72, tofauti ndogo ambayo yaweza kuwa ya bahati tu. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa wamepoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa asilimia 72 kwa 57. Hao ni watoto 15 zaidi katika kila kina mama 100, na si jambo dogo hata kidogo. Ajabu ni kwamba uchunguzi wa awali wa mwaka 2015, PROMISE, uliowapa dawa hiyo wanawake waliowahi kupoteza mimba mara kwa mara bila kungoja waone damu, haukuonyesha faida ya maana.

Kwa hiyo Novemba 2021 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliagiza kwamba mama anayetokwa na damu, na ambaye amewahi kuharibikiwa na mimba angalau mara moja, apewe projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 mara mbili kwa siku. Mapigo ya moyo wa mtoto yakionekana, anaendelea hadi atimize wiki 16. Sharti ni kwamba kwanza ultrasaundi ionyeshe mimba imo ndani ya mfuko wa uzazi. Hapa tunawaomba wale wanaowatumia dada zao dawa hizi ndani ya masanduku watusikilize: damu na maumivu ya tumbo huweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Kipimo kitangulie, dawa ifuate.

Ipo pia sindano ambayo watu huichanganya na dawa hii. Huko Marekani, Makena, ambayo ni homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, iliidhinishwa mwaka 2011 kwa ajili ya kuzuia watoto njiti. Sindano iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 10 hadi 20 ikatangaziwa bei ya dola 1,500, ikazua kelele. Uchunguzi mpana uliotolewa mwaka 2019 haukuona faida yake, na Aprili 2023 kibali chake kikafutwa. Ulaya nako dawa za aina hiyo zilisimamishwa mwaka 2024.

Lakini projesteroni yenyewe, ya kuweka ukeni, inawasaidia wale ambao mlango wa kizazi umekuwa mfupi kabla ya wakati. Katika uchunguzi wa mwaka 2007 wa wanawake 250 ambao mlango wao haukuzidi milimita 15, waliojifungua kabla ya wiki 34 walikuwa asilimia 19 kwa waliotumia dawa na asilimia 34 kwa wasiotumia. Ufupi huo mama hauhisi. Ni kipimo tu kinachouonyesha.

Jambo moja kwa ndugu zetu walioko Uingereza. Mwongozo ule unahesabu mimba zilizopotea zamani, na faili lako la huko halina habari ya mimba iliyotoka Tanga, Mombasa au Unguja, pengine nyumbani bila hata kufika hospitali. Wengi wetu mambo hayo huyanyamazia. Mkunga asipoulizia, mwambie mwenyewe ni mara ngapi na ilikuwa wiki ya ngapi, na kama hamwelewani kwa lugha, omba mkalimani ambaye si jamaa yako.